Meta AI ya WhatsApp au niende ChatGPT, Gemini, Grok? Naomba ushauri wenu

Habari zenu wakuu, naomba msaada kwa wenye uzoefu. Nauza vitenge online, wateja wangu karibu wote wako WhatsApp na Insta, sasa nataka AI moja ya kunisaidia kuandika matangazo na kujibu maswali ya bei. Meta AI naipendea kitu kimoja, iko humohumo ndani ya WhatsApp, sihitaji kudownload app nyingine wala kufungua akaunti mpya, na simu yangu yenyewe storage imejaa. Ila kinachonipa wasiwasi ni hiki, chat zetu za kawaida zimefungwa kwa siri, mtu mwingine hazisomi, lakini unachoiandikia Meta AI kinaenda kwa kampuni ya Meta wenyewe, na 2025 walitangaza watatumia mazungumzo hayo kupanga matangazo ya biashara, sasa oda na namba za wateja wangu niziweke humo kweli?

Grok najua inasoma post za X (Twitter ya zamani) moja kwa moja so kwa habari za sasa hivi iko vizuri, ila wateja wangu hawako X. ChatGPT na Gemini watu wanazisifia sana.

Shida yangu kubwa ni Kiswahili. Kuna moja nimeiomba tangazo la doti ya kitenge ikaniletea "vazi la kitamaduni lenye mvuto wa kipekee", jamani mteja wa Kariakoo anataka kujua ni wax au sio, inachuja au haichuji, na bei.

Kwa mnaotumia kwenye biashara, ipi inaandika Kiswahili cha mtaani, na ya bure inatosha au lazima nilipie?