Nimetoka JKT Bulombora, nauli ya kwenda chuo Dar naitoa wapi?

Wakuu habari, nimemaliza mujibu wa sheria (yale mafunzo ya JKT ya waliomaliza form six) niko Kigoma mjini kwa shangazi, Chuo Kikuu cha Dar (UDSM) nimepata na mkopo wa bodi ya mikopo, HESLB, nimepewa ila mfukoni nina elfu 12 na tranka tu, hivi bumu (hela ya kujikimu ya mkopo) linaweza kutoka kabla sijaripoti nilipie nauli?

— Sahau dogo. Bumu unasaini ukishasajiliwa, ndo ile elfu 10 ya msosi na malazi kwa siku unaiona.

— Panda treni ya reli ya kati, daraja la tatu. Tranka uza, mi kwenye basi nilitozwa hela ya mzigo karibu sawa na nauli aisee. Shangazi anafanya biashara gani?

— Dagaa mkuu, nishaanza kuanika 😂