Kulanti inapungua kwenye Corolla ya 2003 na fundi anataka kufungua injini: je, nilipe?

MpitaAwasi (Kisumu):
Ndugu zangu, naomba ushauri kabla sijatoa pesa. Nina Toyota Corolla NZE ya mwaka 2003, injini ya 1NZ, ambayo hunisaidia kupeleka vitambaa kwa wateja wangu wa Kericho. Kwa muda sasa kulanti (maji ya kupozea injini) imekuwa ikipungua kwenye tangi dogo la akiba, lakini asubuhi sioni maji yoyote sakafuni mahali gari lilipolala. Nikiwa mjini mshale wa joto hautikisiki. Nikishapita Awasi na kuanza kupanda mlima huku AC ikiwa imewashwa, mshale hupanda taratibu, nami nikiizima hurudi chini.

Fundi mmoja wa hapa alifungua boneti, akatazama kwa muda mfupi, akasema gasketi ya hedi (kizibo kati ya kichwa cha injini na bloku yake) imekwenda na kwamba nimtumie shilingi 45,000 zote kwa M-Pesa ili anunue spea na kuanza kufungua injini kesho yake. Mafuta ya injini ni safi na ekzosi haitoi moshi mweupe. Jambo la pekee nililoliona ni ukoko wa rangi ya waridi ulioganda karibu na puli za mkanda. Je, nilipe? Na kama sivyo, nianzie wapi?

FundiMstaafu (Nakuru):
Usitume chochote kwanza. Mgonjwa hapelekwi chumba cha upasuaji kwa kutazamwa usoni tu, na hedi haifunguliwi kwa kukisia.

Gasketi ya hedi inapopasuka, mara nyingi gesi ya silinda hupenya kwenye njia za maji, na utaona hozi ya juu ikiwa ngumu muda mfupi tu baada ya kuwasha injini iliyopoa, au mapovu yakitoka mfululizo kwenye rejeta, au mafuta yakigeuka rangi ya chai ya maziwa. Katika maelezo yako sijasoma hata moja kati ya hayo. Kinachonishughulisha mimi ni huo ukoko. Wota pampu ya 1NZ, yaani pampu inayosukuma kulanti, huzungushwa na mkanda wa nje, na kwenye mwili wake kuna kitundu kidogo kilichowekwa makusudi na watengenezaji ili sili ya ndani ikichoka, kulanti itokee hapo badala ya kuingia kwenye beringi. Matone yanayotoka wakati injini ina joto hukauka papo hapo, yakaacha ukoko, na ndiyo sababu huoni maji sakafuni.

Tafuta gereji yenye pampu ya mkono ya kupimia shinikizo, ile yenye geji, ambayo hufungwa mahali pa kifuniko cha rejeta injini ikiwa imepoa kabisa. (Kifuniko hicho kisifunguliwe injini ikiwa moto kwa sababu yoyote ile, nimeona nyuso zilizoungua.) Hewa hujazwa mpaka kiwango kilichoandikwa kwenye kifuniko chenyewe, na vifuniko vingi vya magari ya Kijapani huandikwa 0.9 au 1.1 (karibu sawa na bar), kisha mfumo huachwa kwa muda wa robo saa. Geji ikishuka, chukua tochi ufuate unyevu: kwenye wota pampu, kwenye klipu za hozi, na hasa kwenye mshono ambapo tangi la plastiki la rejeta hukutana na alumini, kwa kuwa plastiki ya umri huo hupata nyufa ambazo hufunguka tu shinikizo likipanda. Papasa pia zulia la abiria wa mbele, maana rejeta ndogo ya hita huvujia ndani ya gari. Maji yasiyo na rangi yanayodondoka chini AC ikifanya kazi hayana neno.

Ikiwa geji inashuka na hakuna unyevu popote, hapo ndipo tuzungumze kuhusu gasketi, na hata wakati huo kuna kipimo cha dawa ya buluu ambayo hugeuka manjano ikikutana na gesi ya mwako ndani ya rejeta.

Usisahau kifuniko chenyewe kipimwe. Hapa Nakuru, yapata mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, maji matupu huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na kadiri unavyopanda ndivyo yanavyochemka mapema zaidi. Shinikizo linaloshikiliwa na kifuniko ndilo linalozuia hilo, kwa hiyo kifuniko kilicholegea kinaweza kukusumbua mlimani huku mjini gari likionekana zima.

BintiKakamega:
Kaka, mpe fundi pesa ya kipimo peke yake, na mwelewane kwamba unalipia jibu, hata kama hatimaye utatengeneza kwingine. Fundi anayesema kupima ni bure mara nyingi ameificha gharama hiyo ndani ya ukarabati, na ndiyo maana kila gari kwake lina ugonjwa mkubwa. Baada ya hapo akuandikie spea upande mmoja na ufundi upande mwingine, utoe malipo ya awali yanayotosha spea, na salio ulipe baada ya nyinyi wawili kulipandisha gari mlimani. Spea za zamani zirudi mikononi mwako.

Mkombozi77:
Weka ule unga wa kuziba, shilingi mia chache tu, umalize mambo.

FundiMstaafu (Nakuru):
Unga huo hauwezi kutofautisha tundu la kuvuja na njia nyembamba za rejeta. Sili ya pampu inayozunguka hauitibu.

GerejiYaSection58 (Nakuru):
Nakubaliana na dada wa Kakamega isipokuwa jambo moja ambalo wateja hulichukulia kirahisi. Mteja akiniletea pampu aliyoinunua mwenyewe, nami nikaifunga, ikavuja tena baada ya muda mfupi, lawama huwa zangu na ufundi narudia bure. Nendeni dukani pamoja, risiti iandikwe kwa jina lako, fundi aikague spea kabla hujalipa; hapo ndipo unaweza kumdai dhamana. Na kwa kuwa kulanti itamwagwa yote, badilisha mkanda kama umepasuka pasuka, ila fundi akikushauri kuitoa thamostati (vali inayodhibiti joto la kulanti) ili injini ipoe zaidi, mkatalie, kwani injini inayokimbia ikiwa baridi hula mafuta mengi na huchakaa mapema.

MpitaAwasi (Kisumu):
Ahsanteni sana. Nimepata gereji nyingine iliyonitoza shilingi 1,000 kwa kipimo. Geji ilishuka polepole, na kwa kioo kidogo na tochi tuliuona unyevu ukijitokeza chini ya puli ya wota pampu. Kifuniko nacho hakikushika shinikizo hata kidogo. Rejeta ni nzima. Wameniandikia pampu, gasketi yake, mkanda, kifuniko na kulanti, na pamoja na ufundi jumla haifiki nusu ya nilichotajiwa mwanzoni. Je, kuna la kuangalia siku ya kulichukua gari?

FundiMstaafu (Nakuru):
Hakikisha wametoa hewa kwenye mfumo hita ikiwa imewekwa kwenye moto zaidi, mpaka feni iwake na kuzima yenyewe. Wajaze kulanti iliyochanganywa tayari, au waichanganye na maji yaliyosafishwa, si ya kisima, kwa kuwa ya kisima huacha magadi ndani. Ukifika Kericho mara ya kwanza, acha gari lipoe kabisa, kisha uangalie kiwango kwenye tangi la akiba. Kikishuka kidogo ni hewa iliyobaki, ongeza. Kikishuka tena safari ya pili, rudi kwao na risiti yako.