Laptopu ya RAM GB 4, naanza Java: nishike IDE au edita ya kawaida?

MtotoWaMakorora:
Wakuu habari za jioni. Niko Tanga mjini, diploma ya kompyuta mwaka wa kwanza, muhula huu tumeanza Java, lugha ya kuandikia programu. Mwalimu anafundishia NetBeans, ni IDE, yaani programu kubwa yenye kila kitu cha kuandikia na kuendesha kodi: unaandika, unabonyeza kitufe cha kijani, programu inaenda. Sasa laptopu yangu ni mtumba, RAM GB 4 na diski ya zamani ile ya kuzunguka, nikifungua NetBeans na Chrome pembeni mashine inaganda, na betri imechoka kwahiyo umeme ukikatika ndo basi tena. Kuna kaka wa mwaka wa tatu kaniambia achana na IDE, chukua Notepad++, edita ya kuandikia tu, na terminali, lile dirisha la kuandikia amri, utaelewa zaidi. Mwingine anasema nikifanya hivyo nitaachwa maana kazini wote wako kwenye IDE. Lengo langu mbele ni programu za simu, nataka nitengeneze ya kina mama wauza samaki pale Deep Sea waandikie madeni ya wateja. Nishike lipi?

Fundi_Ngamiani:
Mdogo wangu, kwa mashine hiyo anza na edita. Notepad++ ni MB chache tu na inafunguka hapo hapo. Andika Duka.java, fungua terminali, andika javac Duka.java (javac ndo kompaila, inageuza ulichoandika kiweze kuendeshwa), ikikubali inakutengenezea Duka.class, halafu andika java Duka kuiendesha. Hizo hatua mbili ndo kile kitufe cha kijani kinakufanyia kimya kimya, na wengi wanamaliza chuo hawajui kinafanya nini, siku kikigoma wanabaki kuinstoo upya kila kitu. Ukisahau nukta mkato kompaila inakutajia mstari, unaenda mwenyewe unarekebisha, baada ya muda jicho linazoea.

Tajiri_wa_Raskazone:
Mbona NetBeans nyepesi tu, mi natumia haina shida, RAM GB 8.

MtotoWaMakorora:
Yangu 4 mkuu.

BintiPangani:
Fundi nakuheshimu kaka angu ila hapo umemwambia nusu. Edita haimuoneshi programu ikiwa inatembea ndani. Chukua mfano, ana orodha ya bei 5 anataka jumla, kwenye mzunguko (loop) kaandika i <= bei.length badala ya i < bei.length. Kompaila inapita vizuri kabisa, ukiendesha ndo inalipuka ArrayIndexOutOfBoundsException, Index 5 out of bounds for length 5. Mgeni anaangalia hiyo 5 na 5 anasema mbona zinalingana?? Kwenye IDE unaweka alama kwenye mstari, unaiendesha na debaga, kifaa cha kutafutia makosa, inasimama pale, unasogea hatua moja moja unaona i ni 0, 1, 2, 3, 4, halafu inakuwa 5 wakati nafasi ya mwisho ni 4. Ukishaliona kwa macho yako hulisahau tena. Mimi mizunguko niliielewa kwa debaga, mihadhara ilinipita juu.

Fundi_Ngamiani:
Dada Pangani hapo nakubali, debaga ndo sababu ya kweli ya kutaka IDE. Lakini mashine ya kijana inaganda, atajifunza saa ngapi? Edita nyumbani, NetBeans maabara ya chuo. Faili la .java ni maandishi matupu, libebe kwenye flashi linafunguka popote. Ila hapa shika sana, wengi wanakwama: NetBeans huwa inaweka mstari wa package duka (jina la folda ya klasi) juu kabisa ya faili. Ukilileta nyumbani ukaandika java Duka itakwambia haioni klasi. Acha faili ndani ya folda duka, simama folda ya juu yake, andika javac duka/Duka.java kisha java duka.Duka.

VimTuu:
Edita si za wanafunzi peke yao jamani. Vim, edita ninayotumia, ipo toka 1991 na mpaka leo watu wanaendeshea seva nayo. Marehemu Bram Moolenaar aliyeitengeneza alikuwa anaigawa bure, anaomba anayependa achangie watoto wa Kibaale, hapo Uganda kwa majirani. Mimi naipenda kwa hilo pia.

MtotoWaMakorora:
Asanteni sana, nyumbani edita, chuoni debaga. Je edita ya VS Code? Na Android Studio, ile IDE ya programu za simu, nitaiweza?

BintiPangani:
VS Code yenyewe ni nzuri, ila ukiiwekea eksitensheni (nyongeza) za Java nyuma inaendesha injini ile ile ya Eclipse, IDE nyingine nzito, RAM GB 4 utalia. Kwa HTML na JavaScript itumie bila wasiwasi. Android Studio Google wenyewe wanataka kuanzia GB 8, usihangaike nayo sasa hivi. Ukipata hela weka SSD (diski isiyozunguka) na RAM, halafu emuleta, ile simu ya bandia ndani ya kompyuta, achana nayo, chomeka simu yako kwa waya ujaribie humo, mashine inapumua. Hiyo ya madeni ya kina mama ianze sasa kwenye terminali, jina, kiasi, tarehe, hesabu zikikaa sawa kuzihamishia kwenye simu ni kazi ndogo kuliko unavyodhani.

Fundi_Ngamiani:
Hapo hapo. Kijana usimalize bando kudaunilodi, nina JDK (ndo yenye javac na java), Notepad++ na edita nyingine ya Geany, njoo na flashi ya GB 4 hivi. Niko Ngamiani, nicheki inbox nikuelekeze, Jumamosi baada ya adhuhuri nipo.

MtotoWaMakorora:
Nakuja kaka, nimeshakuandikia inbox.