Tupeane uzoefu: ndugu yako hajui kushika pesa, naye anataka umdhamini mkopo

Mtu wa Mtoni: Assalaam alaykum jamani. Nataka kusikia kutoka kwa waliopitia jambo hili. Mdogo wangu, tumbo moja, kaniletea fomu ya mdhamini ya SACCOS, chama cha akiba na mikopo tunachochangia sote wawili. Anataka milioni sita alete nguo kutoka Kariakoo, aziuze Darajani kabla ya Idd. Biashara yenyewe si mbaya, anayenitia wasiwasi ni yeye. Mshahara wake haufiki tarehe kumi. Vespa aliyoachiwa na marehemu baba aliiuza kwa ajili ya deni la dukani, na deni halikwisha. Lakini mama akiumwa, yeye ndiye wa kwanza kufika. Mama anasema, "Kama si wewe, nani?" Waliotia saini na waliokataa, ilikuwaje kwenu?

Mwanakamati, Wete: Waalaykum salaam. Nimo kwenye kamati ya mikopo ya SACCOS yetu huku Pemba, nikwambie namna inavyokwenda. Watu wengi wanadhani mdhamini ni shahidi wa tabia njema. Sivyo. Ukishatia saini, kwetu sisi akiba yako inashikiliwa kwa kiasi ulichodhamini. Huitoi, na ukitaka kukopa mwenyewe inahesabiwa kuwa haipo. Yule akikosa marejesho, tunakata kwako. Na usitegemee kwamba ni lazima tuanze kumfukuzia yeye mpaka achoke. Kwenye sheria ya mikataba mdhamini anabeba deni sawasawa na mkopaji, isipokuwa mkataba wenyewe uwe umesema vyengine. Kwa hiyo soma umedhamini kiasi gani, na kama mmegawana na wadhamini wenzako au kila mmoja kabeba lote. Jengine: wakija kumwongezea mkopo au kumbadilishia masharti bila ya ridhaa yako, una haki ya kusimama na kusema hili sikulitilia saini.

Ukishalipa unaweza kumdai ndugu yako kwa sheria. Lakini niambie, nani kati yetu atampeleka mtoto wa mama yake mahakamani?

Binti wa Fuoni: Baba yangu alimdhamini mtoto wa ndugu yake, karibu na kustaafu. Hakutuambia. Tulijua siku alipokwenda kuchukua akiba yake, akarudi na karatasi moja imekunjwa mara nne. Upande mmoja umeandikwa alichochangia miaka yote, upande wa pili "marejesho ya dhamana", na chini kabisa kiasi kisichofika hata bei ya mabati ya vyumba viwili. Nyumba yake hapa Fuoni imesimama kwenye linta mpaka leo, ndani imeota mipapai.

Kilichotuumiza zaidi ni kwamba yule kaka hakuwahi kuja hata kusema "ami, nisamehe". Idd akitokea anapita nyumba zote ila yetu. Si kwamba anatuchukia. Anaona haya, na haya yake ndiyo iliyomkata na ukoo. Baba kapoteza akiba na kapoteza mtoto aliyemlea, na huyu wa pili ndiye anayemuuliza kila siku. Kaka wa Mtoni, kabla hujafikiria pesa, fikiria kama utaweza kukaa sinia moja na mdogo wako akishashindwa kulipa.

Mzee wa Konde: Mimi nilikataa. Mtoto wa dada yangu alitaka kukodi mikarafuu kwa pesa ya mkopo. Nikamuuliza marejesho ni lini, akasema kila mwezi. Sasa karafuu haitoi kila mwezi! Mwaka huu mti unazaa mpaka matawi yanainama, mwaka unaofuata unaweza kukupa majani tu. Unachuma, unaanika, mvua ikikupata juani unakimbia kukunja majamvi, ndipo upeleke kituoni ulipwe. Mkopo haungojei hayo. Hata mtu makini angeumia, seuze yeye.

Nikampa majamvi na pesa ya kuwalipa wachumaji wa mwanzo, nikamwambia hii si mkopo, sitakudai. Pesa niliyokuwa nimeshaiaga moyoni. Dada yangu alinuna, na shemeji mpaka leo simu yangu hapokei. Sikudanganyi kwamba kukataa ni bure, nako kuna gharama yake. Lakini mimi nalipa kwa kusemwa, na maneno hayakatwi kwenye mshahara.

Mama wa Kiembesamaki: Na mimi niseme upande wa pili, maana mtamtisha. Nilimdhamini mdogo wangu wa kike na alimaliza kulipa. Kabla ya hapo nilikaa naye nikataka kujua pesa zake zinakwenda wapi hasa. Hakuwa mtu wa starehe. Kila anayemwomba anampa: wifi, jirani, harusi, mchezo wa huyu, matanga ya yule. Pesa ikipita mkononi mwake imekwisha. Basi tukatafuta mkopo usiopita mkononi, wa murabaha. Benki ilinunua yenyewe bajaji kwa muuzaji, ikamuuzia yeye kwa bei yenye faida iliyojulikana tangu siku ya kwanza, akawa analipa kidogo kidogo. Dereva akawa ananiletea mimi hesabu ya siku, mimi napeleka benki. Alilalamika kwamba namfanya mtoto. Nikamwambia ndiyo sharti langu, hutaki basi.

Usimuulize mdogo wako kama atalipa, kila mtu husema atalipa. Muulize kama atakubali pesa zipite kwako.

Ustadhi, Michenzani: Kwa ufupi tu. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, Al-Baqara 282, ni ya kuandika madeni na kuweka mashahidi. Na Mtume (S.A.W.) amesema mdhamini ni mwenye kulipa. Kumbuka na kisa cha Abu Qatada, sahaba aliyelichukua deni la maiti, ndipo Mtume akamsalia maiti yule. Dhamana ni jambo zito na lina ujira wake, ila aliichukua mtu aliyekusudia kulipa. Ukiwa na nia hiyo na uwezo huo, tia saini. Ukiwa unatia saini kwa kutarajia hutaguswa, iache.

Mtu wa Mtoni: Ahsanteni sana, wallahi. Binti wa Fuoni, Mungu amfariji mzee wetu. Jana usiku nilimwita mdogo wangu nikampa sharti la Mama wa Kiembesamaki: niende naye Kariakoo, pesa nilipe mimi, na mauzo yapite kwangu. Amekataa, kasema namdhalilisha. Basi sitii saini. Deni lake la dukani nitalilipa mimi moja kwa moja kwa mwenye duka, na kwa mama nitakwenda kesho kumweleza kabla hajaelezwa na mwengine.

Ila Mwanakamati, nina suala. Kaniambia jina langu na namba yangu ya uanachama ameshajaza kwenye fomu na ameipeleka. Nipige simu?

Mwanakamati, Wete: Simu haitoshi. Nenda mwenyewe na barua kwamba hukuridhia na hukutia saini, wakugongee mhuri kwenye nakala yako. Na uombe uione fomu yenyewe kwa macho yako, uangalie sehemu ya saini. Nenda asubuhi, kabla kamati haijakaa.