Darasa la kwanza hawajui Kiswahili, mimi sijui Kisukuma wala Kitaturu. Naombeni ushauri

TichaWaPangani

Habari zenu wakuu, hasa walimu wa madarasa ya chini na wazazi mliopitia hili.

Mimi ni mzaliwa wa Pangani, Kiswahili ndio lugha niliyoanza nayo kuongea, sina nyingine. Mwaka huu nimepangiwa shule moja ya kijijini kabisa wilaya ya Meatu, Simiyu, nikapewa darasa la kwanza, watoto 112. Wengi sana ni Wasukuma, wapo Wanyiramba kadhaa, na wapo Wataturu watano ambao wazazi wao wanachunga upande wa pili wa korongo. Kiswahili wanakisikia kwangu tu, nyumbani hakipo, labda kwenye redio.

Wiki ya kwanza nikasema "simameni", wakanitazama. Nikasema "fungueni madaftari", wakanitazama. Kuna katoto kalijikojolea kwenye dawati sababu hakakujua aombeje kwenda nje, na wenzake wakacheka, na mimi usiku ule sikulala kwakweli. Nikajiuliza huyu mtoto kesho atarudi?

Halafu kadi zangu za herufi nilizichora mwenyewe kabla sijaja, nikajiona nimejipanga. D dafu, N nazi, M meli. Nimeinua dafu darasa zima kimya, mmoja akasema neno la Kisukuma nikaja kuambiwa ni kibuyu. Mtoto anatakiwa ajifunze herufi asiyoijua, kwa neno asilolijua, la kitu ambacho hajawahi kukiona, yani mizigo mitatu kwa mpigo.

Sasa kinachoniumiza zaidi ni binti mmoja wa Kitaturu. Tangu Januari hajatoa neno. Mwalimu mwenzangu akaniambia "huyo ni mzito, usipoteze muda". Lakini juzi kwenye hesabu nimewapa mawe wapange makundi, huyu binti kapanga haraka kuliko wote, nikiondoa jiwe moja kwa siri anagundua. Kwao wanahesabu ndama kila jioni. Mtoto mzito anaweza hivyo?

Shuleni sheria ni Kiswahili tu, anayeongea kilugha anavalishwa kibao shingoni hadi amkamate mwenzake. Mwalimu mkuu si mtu mbaya, anaogopa matokeo ya KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu) na wathibiti ubora wakija.

Naombeni ushauri. Nijifunze Kisukuma nifundishie? Na hao watano wa Kitaturu si ndio nitakuwa nimewaacha mbali zaidi? Na mkuu nimwingie vipi?

Bibi_Chaki

Mwanangu pole na hongera, kwa sababu umeona. Wengi hatuoni. Nimefundisha darasa la kwanza na la pili miaka 31, Maswa na Bariadi, nimestaafu.

Kwanza mfundishe kila mtoto maneno ya kuishi kabla ya herufi yoyote. Naomba kwenda chooni. Naumwa. Sijaelewa. Naomba maji. Fanyeni kwa vitendo, wewe unasimama unasema simama, unakaa unasema kaa, kila asubuhi kama mchezo, wiki mbili tu utaona. Usione unapoteza muda wa silabasi.

Pili usitafsiri kila sentensi. Hili nilikosea mimi miaka yangu ya mwanzo, maana Kisukuma ni changu. Nasema kwa Kiswahili kisha narudia kwa Kisukuma, watoto wakajua huyu atarudia tu, wakaacha kabisa kusikiliza Kiswahili. Nilipobadilisha ndio mambo yakaenda, hadithi naitanguliza kwa Kisukuma yote, wanacheka wanaijua, kesho yake naisimulia ile ile kwa Kiswahili na picha. Sasa wanaifuata maana wanajua nini kinakuja, sungura anafanya nini, fisi anafanya nini. Maana wanayo tayari, wanatafuta maneno tu.

Tatu, zile kadi za dafu ziweke kabatini. N iwe nyumba, kwa Kisukuma ni numba, angalia zilivyo karibu. M iwe mbuzi, wao wanasema mbuli. Tatu ni idatu. Kisukuma na Kiswahili ni ndugu, mtoto akionyeshwa undugu huo anapanda haraka sana. Kuku ni ngoko, hapo hakuna undugu wa kusikia ila kuku mwenyewe wanamjua.

Mzalendo_Halisi

Mimi nitatofautiana kidogo na wengi. Baba yangu Mmakonde mama yangu Mgogo, Kiswahili ndio kiliwakutanisha. Tangu 1967 shule za msingi zinafundisha kwa Kiswahili na ndio maana leo mtu wa Meatu anafanya kazi Mtwara bila mkalimani. Nchi za jirani tumeona ukabila umefanya nini. Ukianza kuingiza vilugha darasani unafungua mlango ambao wazee wetu waliufunga kwa kazi kubwa. Mtoto wa miaka sita anashika lugha upesi, muacheni aoge Kiswahili, baada ya mwaka atakuwa anaongea. Naongea kwa nia njema mwalimu, usije ukachukia.

TichaWaPangani

Sijachukia kaka, na mimi nakipenda Kiswahili kuliko unavyodhani, ndio lugha ya mama yangu. Lakini huo mwaka mmoja unaosema ndio mwaka wa kujifunza kusoma. Akija kukielewa Kiswahili mwezi wa kumi na moja, wenzake wa mjini wanasoma aya, yeye bado a e i o u, na tayari ameshaambiwa ni mzito na ameshaamini. Wengine hawafiki huo mwezi wa kumi na moja, wanarudi kwenye ng'ombe. Nataka wafike kwenye Kiswahili, ndio ninachoulizia njia.

Mtaturu_wa_Mwanhuzi

Nimesoma hii nikalazimika kutoka ofisini nikakae nje kidogo.

Mimi ndio huyo binti, ila mvulana. Nilikaa darasa la kwanza miaka miwili. Mwalimu wetu alikuwa Msukuma, mtu mwema, akiona darasa halijaelewa anahamia Kisukuma na darasa lote linachangamka, na sisi Wataturu watatu tunazidi kupotea. Watu wanadhani ni kilugha tu, sijui wote mnaelewana. Kitaturu ni jamii ya lugha za Kinailoti, kiko mbali na Kisukuma kuliko Kisukuma kilivyo mbali na Kiswahili. Kwa hiyo mwalimu ukisema "lugha ya nyumbani" uliza nyumba ya nani. Na huko Meatu ukisogea upande wa Yaeda utapata Wahadzabe nao, lugha yao ya kupiga vidoko kwa ulimi haifanani na ya mtu yeyote.

Kilichoniokoa kilikuwa kidogo sana. Mwaka wa pili mwalimu alitukalisha sisi watatu dawati moja badala ya kututawanya, akasema mkinong'onezana kwa lugha yenu sitawapiga. Basi. Aliyeelewa anamwambia asiyeelewa. Kabla ya hapo tulitawanywa "ili tujifunze haraka", na nilichojifunza ni kukaa kimya tu.

Usimlazimishe aongee mbele ya darasa. Anaelewa zaidi ya unavyoona, masikio yanatangulia mdomo. Mpe kazi ambayo jibu lake ni kwa mkono, aonyeshe, apange, achore. Na ukiweza nenda boma kwao jioni moja ukamsalimie mama yake. Mtoto akiona mwalimu ameketi kwao, kitu kinafunguka.

Teacher_Kwale254

Salamu kutoka Kwale, Kenya. Huku kwetu mtaala unasema gredi ya kwanza hadi ya tatu mtoto afunzwe kwa lugha ya eneo shule iliko, na kwa miji Kiswahili kinatumika. Kwa karatasi ni kuzuri. Lakini darasa langu lina Wadigo, Waduruma na Wakamba, sasa lugha ya eneo ni ipi? Nikitumia Kidigo Mduruma ananielewa, Mkamba anaumia. Kwa hivyo shida yako haiondolewi na sera peke yake, ni mwalimu ajue nani yuko mbele yake.

Kile nafanya, nimeweka chati ukutani. Picha katikati, chini yake neno la Kiswahili kubwa, halafu majina ya lugha zote za darasa. Watoto ndio wananifunza hayo majina, mimi naandika wao wananisahihisha. Siku mwalimu anakosea kutamka na mtoto anamrekebisha, huyo mtoto hana woga tena wa kukosea kwa lugha yako.

Na hicho kibao tafadhali kiondoe. Sisi tulikiita diski. Nilivishwa nikiwa darasa la tatu, hadi leo nikiongea na nyanya yangu mbele ya watu nasikia kama nafanya makosa.

MamaUvira

Dada mwalimu, miye niko mama wa batoto tatu, tulitoka Uvira, tukakaa kambi ya Nyarugusu kule Kigoma miaka mingi, batoto walisoma kwa Kifaransa, sasa tuko Iowa na wanasoma kwa Kiingereza. Kiswahili yetu ndiyo sasa iko lugha ya huyo mwenye kunyamaza mu klasi.

Wangu wa mwisho alinyamaza miezi sita. Mwalimu aliniita, na nilienda naogopa, kumbe shule ilileta mtu wa kutafsiri, akaniuliza mtoto nyumbani anaongea? Nikasema anaongea sana hata tunamuomba apumzike. Mwalimu akasema basi hana ugonjwa, tungoje. Siku moja akamuomba afundishe wenzake kuhesabu moja mpaka kumi kwa Kiswahili. Alirudi nyumbani siku hiyo mrefu, sijui niseme namna gani, alitembea mrefu.

Kuna kesi ya zamani huku, 1974, ya wanafunzi Wachina wa San Francisco. Koti kubwa ya nchi ikasema kumpa mtoto kitabu kile kile na mwalimu yule yule kama haelewi lugha, huo si usawa. Mtu wa kanisa alinielezea hiyo, nikaiweka moyoni.

Mpima_Sauti

Naongezea la kitaalamu kidogo maana ndio nilichosomea. Kisukuma hakina r, kwa hiyo mtoto akisoma "rangi" kama "langi" hajakosea kusoma, amesoma sawa kwa lafudhi yake. Ukimkatisha hapo kila mara ataacha kusoma kwa sauti. Weka zoezi la r na l pembeni, wakati mwingine, kwa wimbo. Na Kisukuma kina irabu saba wakati Kiswahili kina tano, kwa hiyo masikio ya hao watoto ni makali kuliko unavyofikiri, wanasikia tofauti ambazo mimi na wewe hatuzisikii. Unapopima kusoma, jiulize kila mara napima kusoma au napima Kiswahili cha pwani?

Bibi_Chaki

Huyu wa irabu amesema kweli tupu.

Nirudi kwa mwalimu mkuu. Usiende na mjadala wa sera, nenda na matokeo. Omba wiki sita bila kibao kwa darasa la kwanza tu, mwambie mwishoni aje mwenyewe awasikilize wakisoma watoto kumi anaowachagua yeye. Mkumbushe pia ule mpango wa Utayari, wa kuwaandaa watoto kuanza shule, uliokuja na mradi wa elimu wa EQUIP-T, Simiyu ulikuwepo. Vijana wa kijijini walikaa na watoto wiki 12 hadi 16 kabla ya darasa la kwanza, hadithi na michezo, na vijana wale walikuwa wa hapo hapo wanajua lugha za watoto. Kwa hiyo huleti jambo geni. Ulizia kijijini, aliyekuwa msaidizi kipindi kile huenda yupo hadi leo analima pamba.

Na wazazi je? Wasukuma wana mkutano wao, usisubiri kikao cha shule, muombe mwenyekiti wa kitongoji dakika kumi. Anza na "mwangaluka". Hata ukikosea kiimbo watafurahi.

TichaWaPangani

Shikamoo Bibi. Ahsanteni wote, nimesoma kila komenti zaidi ya mara moja. Nimechelewa kurudi kwa sababu huku mtandao unapatikana juu ya kilima tu. Leo ni wiki ya tano.

Mkuu alikubali wiki sita, kwa shingo upande lakini alikubali. Kibao kimetoka kwa darasa langu. Maneno ya kuishi tunaimba kila asubuhi na tangu tuanze hakuna tena mtoto aliyejikojolea. Yule msaidizi wa Utayari kweli yupo, ni mama wa watoto wawili sasa, anakuja Jumanne na Alhamisi kusimulia hadithi kwa Kisukuma, mimi nasimulia kesho yake. Kadi mpya wamechora watoto wa darasa la sita, ng'ombe wao anatambulika hata kwa mbali, wangu alikuwa kama mbwa.

Wataturu nimewakalisha pamoja. Boma nimeenda, nikapewa maziwa, mama yake yule binti hajui Kiswahili na mimi sijui Kitaturu tukakaa tu, binti akawa anatupokeza maneno, neno moja moja, huku na huku. Hapo ndio nikasikia sauti yake kwa mara ya kwanza. Darasani bado haongei, ila jana aliinua mkono. Sikumtaja jina, nilimwita tu kwa kichwa aje, akaja ubaoni akaandika 9 akarudi kukaa.

Kaka Mtaturu, nina ombi. Chati yangu ya ukutani ina nafasi tupu kwenye Kitaturu kwa sababu wao wakinitajia siwezi kuandika ninachosikia. Unaweza kunirekodia majina ya wanyama, hata kumi tu, polepole?

Mtaturu_wa_Mwanhuzi

Nakutumia leo jioni. Nitamuweka mama yangu aseme yeye, matamshi yake ni mazuri kuliko yangu.