Diane Abbott na kesi ya chama chake, hivi hapo haki ilitendeka?

BintiMwambao:
Wakuu habari zenu. Kuna hii ishu ya mama Diane Abbott wa Labour kule Uingereza imenikaa moyoni naomba tuijadili. Huyu ndo mwanamke mweusi wa kwanza kuingia bunge lile, mwaka 1987. Aprili 2023 akaandika barua kwenye gazeti la Observer kwamba Wayahudi, Waairishi na Travellers (jamii ya watu wa kuhamahama) wanabaguliwa ila sio ubaguzi wa rangi kama wanaoupata weusi. Alikosea, watu waliumia, na siku hiyohiyo akaomba radhi akaifuta kauli. Chama kikamsimamisha, sawa. Sasa barua fupi vile, na mwenyewe keshakiri, kesi inachukuaje zaidi ya mwaka?? Mei 2024 BBC ndo wanatoa kwamba uchunguzi uliisha tangu Desemba, onyo alishapewa, na kozi ya onlaini kuhusu chuki dhidi ya Wayahudi kaimaliza Februari, wakati huku nje viongozi bado wanasema mchakato unaendelea na uchaguzi ndo huo mlangoni. Mnalionaje?

MzeeWaKanuni:
Binti yangu nitakupinga kidogo. Neil Coyle, mzungu, mwanaume, chama hichohicho, alisimamishwa Februari 2022 kwa kumtolea mwandishi wa habari maneno ya kibaguzi akarudishwa Mei 2023. Miezi 15. Abbott 13. Chama kinachelewa kwa wote, tusikimbilie rangi.

MamaHackney:
Shikamoo mzee. Mimi naishi humuhumu jimboni kwake, Hackney, London. Ya Coyle Bunge lilichunguza, ripoti ikatoka hadharani Machi 2023, akafungiwa siku 5, kila mtu alijua kosa gani na adhabu gani. Ya huyu mama ilikaa kwenye droo. Na huko kusubiri hakukuwa kwa amani, Machi 2024 ikafichuka kwamba Frank Hester, mfadhili mkubwa wa Conservative, chama kilichokuwa madarakani, aliwahi kusema ukimuona Abbott unataka tu kuwachukia wanawake weusi wote, na kwamba apigwe risasi. Bunge zima likawa linamzungumzia yeye, mwenyewe yumo ukumbini, kule ukitaka kuongea unainuka Spika akuone, aliinuka mara 46 na hakuitwa hata mara moja. Wenzake wa Labour wanamtetea kwa sauti kubwa na bado hawajamrudisha kundini!

Nilikuwepo mwisho wa Mei kwenye ngazi za Town Hall, jengo la halmashauri ya Hackney, nilitoka kazini na sare yangu. Magazeti yalishaandika kwamba karudishwa ila hataruhusiwa kugombea, akasimama pale akasema haondoki. Kuna bibi mmoja wa Kijamaika pembeni yangu alikuwa kamshika mjukuu mkono, analia bila sauti. Siku 2 baadaye Starmer, kiongozi wa Labour wakati huo, ndo akasema yuko huru kugombea, na Julai akashinda.

Kalamu_ya_Pwani:
Mzee asome ripoti ya wakili Forde ya 2022 kuhusu mambo ya ndani ya Labour, na hiyo chama chenyewe ndo kiliiagiza. Inasema meseji ambazo maafisa wa juu waliandikiana kuhusu Abbott zilijaa kinyaa, na kwamba ndani ya chama kuna ubaguzi unaopewa uzito na mwingine unaowekwa chini. Sasa makao makuu yaleyale ndo yanashika faili lake, wewe ungekuwa na imani? Kwangu mimi haki hapo sio kumuacha asiadhibiwe, ni aambiwe kesi inaisha lini, ahukumiwe na watu wa nje, na majibu yakitoka yasifichwe mpaka wakubwa waamue yanawafaa lini.

MzeeWaKanuni:
Marahaba mwanangu. Hapo kwenye droo mmenishika, sina utetezi. Onyo likishatoka, kuendelea kumuweka nje miezi yote ile ni adhabu ya pili ambayo hakuna kikao kilichoitangaza. Ila Julai 2025 akasimamishwa tena baada ya kusema redioni kwamba hajutii ile barua, na hapo mimi siko upande wake kabisa, radhi haiombwi halafu ukairudisha.

BintiMwambao:
Hata mimi ile intavyuu iliniuma mzee. Lakini hata kwa kesi hiyo ya pili alistahili kupewa tarehe ya kuisha, kwa maandishi.