Mungu alipokurudi (kukuonya) wakati umepoa kiroho, ulifanyaje? Tupeane uzoefu

Mwanzisha mada
Wapendwa, naanza mimi ili msiogope. Nimeokoka siku nyingi, ila kama miaka 3 hivi nilipoa bila mtu kujua. Ibada sikosi, sadaka natoa, "Bwana asifiwe" naitikia kwa sauti. Siku moja natafuta cheti, nikaikuta Biblia yangu chini ya mafaili, utepe wake bado uko pale nilipoishia: kitabu cha nabii Hagai. Nikasoma nimesimama vilevile. Watu wametoka uhamishoni Babeli, nyumba zao zimepambwa, nyumba ya Mungu gofu. Wala hawakukataa kuijenga, walisema tu wakati bado. "Bado" ndilo lilikuwa neno langu! Halafu angalieni tarehe: neno liliwajia siku ya kwanza ya mwezi wa sita, siku ya 24 wakawa kazini. Siku 23 tu. Kesho yake nikaamka alfajiri, nikapiga magoti, sina la kusema. Nikakaa kimya dakika kumi. Kesho yake tena. Wenzangu je?

Mama wa wawili
Mimi Mungu alinirudi kupitia mwanangu. Aliomba badala yangu kabla ya kulala, akaniiga neno kwa neno, mpaka kile kikohozi changu kabla ya "amina". Nilicheka, kisha nikaenda bafuni kulia. Usiku uleule nikampigia dada mmoja wa kwaya tuliyenuniana mwaka mzima. Hakupokea. Nikapiga tena asubuhi.

Mtazamaji
Naomba niweke tahadhari. Nilipoachishwa kazi, ndugu walinijia na "Mungu anakurudi, tubu". Nitubu nini? Yohana 9 wanafunzi wanauliza nani alitenda dhambi hata huyu azaliwe kipofu, Yesu anajibu si yeye wala wazazi wake. Mimi Mungu akinirudi huwa najua ni kitu gani, kina jina. Ile hatia ya jumla jumla siifuati.

Mhazini mstaafu
Mtazamaji, hapo umenena. Changu kilikuwa na jina.

Utotoni nilisikia "yeye ambaye Bwana ampenda, humrudi" nikadhani maana yake anamrudia, kama baba anayerudi safarini. Ukubwani ndiyo nikajua ni kuadhibiwa.

Nilikuwa natunza mfuko wa kikundi cha maombi. Nikibanwa najikopesha, narudisha kabla ya hesabu. Haikupungua hata senti, kwa hiyo dhamiri ilishalala fofofo. Siku moja mzee mmoja, hana habari yoyote, akaniuliza kwa utani: "Huo mfuko wetu siku hizi unalala wapi?" Wenzangu wakacheka. Mimi miguu ikaniisha nguvu. Nilijipa sababu wiki mbili nzima: hakuna aliyeumia, nitaacha kimyakimya, mbona hela yote ipo. Kuacha kimyakimya ndiko kulikonivutia kuliko yote. Jumamosi nikasimama nikawaambia, na miezi nikaitaja. Kimya. Kisha mwenyekiti akanyoosha mkono kuchukua daftari, nami nikawa bado nimelishikilia, mpaka akalivuta.

Mwanzisha mada
Duh. Walikurudishia daftari baadaye?

Mhazini mstaafu
Hapana, huu mwaka wa pili. Napanga viti. Na daftari jipya wameandika vibaya majumlisho ukurasa wa nne, nimeona, nimemwambia mhazini pembeni.

Mama wa wawili
😂 Yule dada kapokea jamani, mara ya tano.